Kulala katikati ya mji: hoteli za Butembo na Beni kwa mtu wa likizo

Ukishuka kwenye gari Butembo ama Beni na begi begani, motari wa kwanza atakayekukimbilia atakuuliza: "Tunaenda wapi, papa?" Ukimjibu "hoteli ya katikati", atauliza tena: "Katikati ya wapi?" Hafanyi mzaha. Miji yetu hii miwili haikujengwa kuzunguka uwanja mmoja wenye kanisa, posta na hoteli. Ilikua kwa kufuata barabara. Kwa hiyo katikati ni mstari mrefu, na hoteli mbili zinazojiita zote za katikati ya mji zinaweza kuachana mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Mwezi wa saba shule zikifunga, na tena mwezi wa kumi na mbili, watu wanakuja. Kuna watoto wa hapa wanaokaa Kisangani, Kinshasa, Kampala ama Ulaya. Kuna wafanyakazi wa Bunia wanaotaka siku tano za kupumua. Kuna wazazi wanaokuja kutafutia kijana wao nafasi kwenye universite, na wageni wa arusi, hao ndio wengi kabisa. Wengi wao wanachagua chumba kwa picha ya simu: kitanda cheupe, televisheni, ua la plastiki juu ya meza. Picha haionyeshi jambo lenye uzito zaidi, yaani hoteli iko wapi na mtu anatoka pale namna gani jua likishazama. Kwetu hapa hoteli iliyokaa vizuri si ile yenye kuona mlima. Ni ile unayofika kabla ya giza, na ambayo toka mlangoni unaenda kwa miguu kula, kununua dawa, kubadilisha dola na kupanda gari, bila kulazimika kutafuta moto usiku.

Kwa mtu ambaye hajafika, tuanze na barabara. Butembo na Beni zimeachana kilometa 54 hivi kwenye barabara ya taifa namba 2, lakini hewa si moja. Butembo iko juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita kusini kidogo ya mji, upande wa kwenda Lubero. Mtu anayesoma neno ikweta anadhani joto. Usiku wa kwanza bila triko utamfundisha. Beni iko chini kwa mamia ya mita, karibu na msitu, na kule shida si baridi, ni mbu. Basi Butembo unauliza kama kuna bulangeti la pili na maji ya moto, Beni unauliza kama mustikere haina matundu.

Wageni wengi wa siku hizi wanaingia kwa mlango wa Kasindi, toka Uganda. Hapo kuna jambo dogo linalowasahaulisha hata wazoefu: saa. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Saa kumi ya Mpondwe ni saa tisa ya Kasindi. Ukivuka kuja kwetu, unapewa saa moja ya bure, nayo ni ya kutumia vizuri, kwa sababu toka Kasindi hadi Beni bado kuna kilometa 80 hivi, na giza letu linaingia saa kumi na mbili, mwaka mzima, halingojei mtu. Barabara hiyo, sawa na ile ya kaskazini inayoenda Oicha, Eringeti na Komanda, imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF, na kuna vipindi ambapo magari yanapita kwa msafara wenye askari tu. Kama forodha imekuchelewesha na dereva anakwambia "tutajaribu", mimi nasema lala Kasindi. Chumba cha Kasindi kitakuwa na kelele za malori, shuka litakuwa jembamba, na kesho saa moja utakuwa njiani na mwanga.

Zamani mtu wa Goma alipanda gari asubuhi, akala Kanyabayonga, akafika Butembo jioni kama Mungu amependa. Njia hiyo ilianza kukatika mwaka 2022 M23 ilipochukua Rutshuru, na Kanyabayonga yenyewe ikaanguka mwezi wa sita 2024. Leo jamaa wengi wa Goma wanaokuja huku wanazunguka Rwanda na Uganda, wanavuka mipaka kadhaa ili kufika katika jimbo lao wenyewe. Wakifika wamechoka, na mtu aliyechoka anakubali chumba chochote. Ndiyo sababu nzuri ya kuwa umeshazungumza na hoteli kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa ndege, Beni iko na kiwanja cha Mavivi, nje ya mji kwenye barabara ya Oicha. Butembo iko na Rughenda, juu ya kilima, kwa ndege ndogo.

Sasa tuingie mjini.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na hoteli zake zinaonyesha hivyo. Watu wa huku wameuza kahawa, mboga, dhahabu na vitambaa, wakaenda Dubai na Uchina kununua bidhaa, kontena zikateremka Mombasa na kupita Kampala hadi Kasindi. Faida ikirudi, mtu anajenga ghorofa: chini maduka, katikati ofisi na depo, juu vyumba vya wageni. Ndiyo maana hoteli nyingi za katikati ya Butembo mlango wake umebanwa kati ya duka la mabati na duka la simu, unaweza kuupita mara mbili bila kuuona. Usidharau mlango. Panda ngazi kwanza.

Uti wa mgongo wa mji ni hiyo hiyo barabara namba 2, inayopanda na kushuka toka upande wa Lubero hadi upande wa Beni. Mtu wa likizo akikaa karibu nayo, kati ya rond-point ya VGH na soko kuu, amekaa vizuri. Benki, mawakala wa kutuma pesa, duka za dawa, ajansi za magari, mikahawa ya bugali na samaki, vyote viko kwenye mwendo wa miguu. Kathedrali ya dayosisi ya Butembo-Beni nayo si mbali, na Jumapili asubuhi, ukisikia kwaya na kuona watu walivyovaa, unaweza kusema hiyo peke yake ililipa safari.

Lakini Butembo ni mji wa vilima, na hapa ndipo ramani ya simu inadanganya. Mita mia mbili kwenye ramani zinaweza kuwa mteremko wa udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni sabuni. Barabara nyingi za ndani ya kartie hazina lami, na begi lenye magurudumu halifai kitu pale, litabebwa kichwani. Kwa hiyo ukiambiwa "tuko nyuma tu ya barabara kubwa", uliza: nyuma na chini, ama nyuma na sawasawa? Wenye hoteli wanalielewa swali hilo vizuri sana. Mwenye jibu zuri hujibu mara moja.

Kwa upande mwingine, chumba kinachoangalia barabara kubwa kina deni lake. Malori ya Kasindi hayalali. Baa ya ghorofa ya chini inapiga muziki hadi saa ambayo wakubwa wameruhusu, na siku zingine zaidi kidogo. Kisha alfajiri motari wanaanza. Dawa yake ni rahisi, nayo haigharimu dola moja: omba chumba cha nyuma katika hoteli ya mbele. Unapata ukaribu wa barabara bila makelele yake. Ajabu ni kwamba hoteli nyingine zinauza vile vya mbele kwa bei ya juu kwa sababu vina balkoni.

Tuongee umeme, kwa sababu Butembo umeme ni historia ndefu. Mji huu mkubwa uliishi miaka mingi bila mtandao wa umeme wa serikali. Watu wakajitafutia: jenereta dukani, sahani za jua juu ya mabati, vinu vidogo kwenye mito, wafanyabiashara walifikia hata kuunda kampuni yao, SENOKI, wakilenga kujenga kituo cha umeme cha mji. Siku hizi kuna makampuni yanayosambaza umeme na mambo yamekuwa afadhali, lakini tabia ya zamani imebaki katika hoteli: umeme wa chumba una saa zake. Usiulize "kuna umeme?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: "Grupe inawashwa saa ngapi, inazimwa saa ngapi?" Na uliza kama dushi ya maji ya moto inategemea grupe hiyo hiyo. Mara nyingi maji ya moto yanakuja kwa ndoo, kijana anayaleta mlangoni asubuhi, na kusema kweli ndoo ile ina joto la uhakika kuliko mashine nyingi nilizoonyeshwa kwa fahari.

Beni ni tofauti. Ni tambarare zaidi, barabara ni pana, unaona mbali. Katikati yake ni Boulevard Nyamwisi na yale yanayoizunguka: ofisi ya mji, rond-point ya 30 Juin, soko la Kilokwa. Ukikaa hapo unatembea bila kuuliza njia. Kartie za pembeni zina upepo mzuri, miti ya matunda na bei ya chini, na ningependa kukwambia nenda kalale kule. Siwezi. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, kartie za ukingo wa mji zimelipa zaidi ya zote. Rwangoma, mwezi wa nane 2016, wakaaji wake hawajaisahau. Boikene, Mayangose, Ngadi, majina hayo msikilizaji wetu ameyasikia katika habari za asubuhi mara nyingi mno. Wakaaji wa kule ni ndugu zetu na wanaishi maisha yao, wanalima, wanaoa. Lakini mgeni asiyejua ni njia gani imetulia wiki hii hana sababu ya kulala ukingoni kwa ajili ya kuokoa dola kumi.

Hiyo haina maana kwamba katikati ni ngome. Siku ya Krismasi ya 2021 mtu aliyebeba bomu alijilipua kwenye mkahawa mmoja katikati ya Beni, familia zikiwa zimekaa kusherehekea. Watu walikufa, watoto wakiwemo. Tangu siku ile watu wengi wa Beni wanapima mahali kwa jicho lingine. Hoteli yenye geti moja, mlinzi anayefungua begi la kila mtu, na sehemu ya kula iliyo ndani ya ua, wanaipenda kuliko ile yenye terasi nzuri barabarani. Mlinzi akikukagua, usikasirike. Mkasirikie yule asiyekukagua.

Nikupe yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na ndege ya asubuhi, nikaona tangazo la hoteli moja lililoandika "karibu na uwanja wa ndege". Sitaitaja. Nikajisifu kwa akili yangu. Ilikuwa karibu kweli na Mavivi, yaani mbali na kila kitu kingine. Nilifika saa kumi na moja na nusu. Jikoni wakaniambia mpishi ameshaenda nyumbani, kwa sababu naye anataka kufika kabla ya usiku. Moto ya kunipeleka mjini hakuna aliyekubali. Nilikula biskuti na maji, nikazima taa, nikasikiliza usiku. Hakuna kilichotokea, namshukuru Mungu. Lakini sikulala, na tangu hapo nikiwa na ndege ya asubuhi nalala mjini, naamka mapema, nachukua moto ya mtu ninayemjua saa kumi na mbili na nusu.

Hapo unaona kitu kinachoendesha siku nzima katika miji hii: saa ya kuingia ndani. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na amri za usiku, za watu na za moto, zimebadilishwa mara nyingi. Leo saa hii, kesho saa nyingine, Butembo tofauti na Beni. Usitegemee uliyoambiwa likizo iliyopita. Uliza mapokezi siku ile ile unayofika, na uliza maswali mawili mbalimbali: watu wanaacha kutembea saa ngapi, na moto zinaacha kubeba saa ngapi. Kwa kawaida moto zinasimama kwanza, na hapo katikati ndipo wageni wanakwama. Mtu aliyelala karibu na mahali anapokula hana shida hiyo.

Jambo lingine ambalo wageni hawalitarajii ni siku ya ville morte. Mashirika ya raia ama vijana wakiitisha, maduka yanafungwa, ajansi haziuzi tiketi, na mara nyingine kuna mawe na matairi barabarani. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa tatu. Hapo ndipo hoteli yenye jiko lake inajulikana thamani yake. Asubuhi ya salongo nayo, kazi ya pamoja ya usafi, mji unachelewa kufungua; hiyo si hatari, ni njaa ya saa mbili tatu tu kama hukuagiza chai jana yake.

Kuhusu bei, lazima nirudi nyuma kidogo. Hoteli za Beni na Butembo hazikukua kwa sababu ya watalii. Zilikua kwa wafanyabiashara kwanza, kisha kwa watu wa misaada. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, karibu na Beni, na ilidumu hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Ilichukua maisha ya watu zaidi ya 2,200. Kwa karibu miaka miwili wafanyakazi wa riposte walijaza vyumba vya miji hii miwili, wakilipwa na kulipiwa kwa dola. Bei za vyumba zilipanda, nyumba za watu zikageuzwa kuwa hoteli, na wapo walioona familia yao inazikwa huku jirani yake anajenga ghorofa ya pili. Uchungu huo ulizaa hasira nyingi, na haujakwisha wote. Ugonjwa ulikwisha, riposte ikaondoka, vyumba vikabaki. Nyingi ya hoteli unazoziona leo zimezaliwa ama zimepanuliwa wakati ule, ndiyo sababu hata hoteli ndogo ina "salle" ya mikutano kuliko sehemu ya watoto kucheza.

Kwa Beni kumeongezeka jambo jipya. Tangu Goma ichukuliwe mwezi wa kwanza 2025, utawala wa jimbo la Kivu ya Kaskazini unafanyia kazi Beni. Pamoja na wakubwa wanakuja wasaidizi, wajumbe, wenye mafaili. Chumba cha katikati ambacho zamani ungekipata bila kupiga simu, sasa pengine kina mtu aliyekichukua kwa mwezi. Kwa hiyo Beni piga simu mapema. Butembo bado unaweza kufika na kujadiliana. Na ujue kwamba bei iliyobandikwa ukutani mara nyingi ni bei ya mashirika, inayoandikwa kwa ajili ya fakitire. Mtu wa likizo anayelipa mwenyewe, hasa siku za mwisho wa wiki ambapo mikutano imekwisha, anaweza kusema kwa heshima: "Mama, mimi sina shirika, ninalipa kwa mfuko wangu." Sentensi hiyo imenipunguzia pesa mara nyingi kuliko ubishi wowote.

Kabla sijaacha suala la bei: kuna nyumba za wageni za makanisa, za Wakatoliki na za Waprotestanti, katika miji yote miwili. Nyingi ziko mahali pazuri, ndani ya kiwanja cha parokia ama karibu na hospitali, zina ukimya, maji na mlinzi. Chakula kinaliwa kwa saa, pombe hakuna, na geti likifungwa limefungwa. Kwa familia yenye watoto wadogo, mimi nazipendelea kuliko hoteli nyingi zenye nyota walizojipa zenyewe.

Malipo: dola na franga zote zinapokelewa, na Beni na Kasindi shilingi ya Uganda nayo inatembea. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo, ama ya zamani sana, itarudishwa mkononi mwako, hata kama ni wewe uliyepewa na benki. Pesa za simu zinakubaliwa sehemu nyingi, lakini kubaliana kwanza nani analipa gharama ya kutoa. Mapokezi watakuandika jina, ulikotoka na unakokwenda. Ni sheria, na daftari hilo linaangaliwa na watu wa usalama. Karte ya uchaguzi inatosha kwa raia. Mgeni wa nje awe na paspoti na viza karibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna tangazo la hoteli linaligusa. Wengi wa wanaokuja likizo huku si wageni. Ni watoto wa hapa. Na mtoto wa hapa akilala hoteli, kuna mtu ataumia.

Nilifanya kosa hilo Butembo. Shangazi yangu anakaa upande wa Katwa, nyumba ya vyumba vitatu na wajukuu saba. Nikaona nisiwasumbue, nikachukua chumba karibu na soko, siku ya pili nikaenda kumsalimia na sukari na sabuni. Alipokea, akasema wasingya, akaniketisha, akaninyamazia. Kisha akauliza: "Huko ulikolala, nani amekupikia?" Nikasema wapishi wa hoteli. Akasema: "Basi umeshiba." Hakuniletea chakula siku ile. Aliyelelewa kwetu anajua hiyo ilikuwa adhabu ya namna gani.

Kuna namna ya kufanya, na watu wengi wameshaipata bila kuiandika. Unafika kwanza nyumbani, na begi, usiku wa kwanza unalala hapo hata kama ni kwenye kiti. Kesho yake unasema wazi: watoto wako ni wengi, ama una kazi ya kompyuta usiku, ama mgongo unauma, wazee wanaheshimu mgongo. Kisha unachagua hoteli ambayo wao wanaweza kufika kwa miguu. Ndiyo, wao. Katikati ya mji kwako inaweza kuwa mbali kwa mama mwenye miguu mibovu. Nikipanga chumba Butembo sasa, ramani yangu inaanzia kwa shangazi: kama yuko Katwa, natafuta upande huo, karibu na barabara, hata kama ni mbali kidogo na VGH. Asubuhi natembea kwenda kunywa chai kwake. Jioni wajukuu wananisindikiza hadi getini, wanahesabu magari njiani, wanarudi kabla ya giza. Chumba chenyewe si kizuri sana. Dushi inatoa maji upande mmoja.

Na mchana ufanye nini? Butembo, kazi nzuri ya likizo ni kutembea sokoni bila haraka, kupanda kilima kimoja jioni kuona mabati ya mji mzima yanavyong'aa, kwenda kuangalia Universite ya Graben, iliyozaliwa 1989 kwa nguvu ya kanisa na ya wakaaji. Beni, kakao na papai, samaki wa Kyavinyonge toka ziwa Edward, michopo ya mbuzi saa kumi jioni. Mawingu yakifunguka asubuhi, unaona Ruwenzori upande wa mashariki, na kilele chake cha Margherita chenye mita 5,109 na barafu. Kule chini yake, Mutwanga, wakati wa Wabelgiji kulikuwa na hoteli ya wapanda mlima, Hoteli Ruwenzori, kwa wageni wa hifadhi iliyoanzishwa 1925 na tunayoiita leo Virunga. Watu walikuja toka Ulaya kulala pale. Barabara ya Mutwanga leo si ya kuendea kwa kusikia tu. Waulize wa hifadhi na wenye magari siku yenyewe, na ukiambiwa hapana, iangalie milima toka Beni, haijasogea.

Siku ya kuondoka, kumbuka kwamba hoteli nyingi zinataka chumba saa sita ya mchana, lakini magari mazuri yanaondoka asubuhi. Lipa usiku uliotangulia. Mwambie mlinzi, siyo mapokezi peke yake, kwamba utatoka mapema, maana mapokezi atakuwa amelala na ufunguo wa geti uko kwa mlinzi. Na taksi ya Beni–Butembo inaondoka ikijaa, siyo kwa saa. Aliyelala karibu na ajansi anakunywa chai yake taratibu hadi dereva amtume kijana kumwita.